Vifungo Elfu Mbili Mia Tano Ishirini na Kimoja

Fundi cherehani alipokufa, binti yake mkubwa hakuulizia nyumba wala cherehani. Alitaka kopo la vifungo tu. Lakini mdogo wake, mwalimu, alikuwa ameshalipakata.

"Dada, niachie hili. Wanafunzi wangu watalifurahia."

"Chukua. Kuchukua umezoea."

Alisema chukua, lakini mkono wake haukubanduka juu ya kifuniko.

Lilikuwa kopo la bati la biskuti zilizoliwa kabla wao hawajazaliwa. Zamani, mvua ilipozuia wateja, baba yao aliwamwagia vifungo sakafuni akawaambia wavigawe. Wakapanga mafungu ya viwili viwili, kikabaki kimoja. Ya vitatu vitatu, kikabaki kimoja. Vinne, vitano, sita, hadi kumi kumi, na kila mara kimoja kinadoda pale kama mgeni aliyekosa kiti. Mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Mkubwa alihakikisha kinachobaki ni kilekile chekundu, akakifumbata. Chumba kilinukia chaki na kitambaa kipya, pasi ya mkaa ikitoa moshi mwembamba, na baba akikata uzi kwa meno. Raha ile mkubwa hakuipata tena popote.

Halafu mdogo akapelekwa shule. Mkubwa akaambiwa, "Wewe ukienda, matundu ya vifungo atanishonea nani?" Akashona matundu ya mashati ya watu mpaka macho yakaingia ukungu.

"Namba ile ya vifungo, elfu mbili mia tano ishirini na moja, nilikuja kuielewa chuoni," mwalimu alisema. "Si mpaka kumi tu. Hakuna namba inayoigawa ikaisha, isipokuwa moja na yenyewe. Lakini ukiondoa kifungo kimoja tu, vilivyobaki vinagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa namba zote hadi kumi, bila baki. Baba alijua, dada. Kile kimoja alikiongeza makusudi. Nilimuuliza."

"Akakujibu nini?"

"Kwamba lazima kimoja kibaki."

Dada akacheka kicheko kikavu. "Kumbe mzee alinipangia mapema."

"Akasema pia alikuwa akiacha kushona, akutazame kama utachagua tena chekundu."

 Dada alifungua kopo, akachakura kwa vidole vilivyojaa sugu za sindano, hadi akakipata. Kisha akafunika, akalisukuma kopo kifuani kwa mdogo wake.

"Haya, peleka. Sasa watoto wako watagawana bila ugomvi."

"Na hicho?"

"Hiki changu."

Gauni lake lilikuwa halina kifungo shingoni tangu mwaka juzi, yeye aliyefunga shingo za mtaa mzima. Akachomoa sindano yenye uzi kwenye ukosi, akaanza kushona palepale amesimama. Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni na kopo lake, lakini hakutoka. Alisubiri mpaka dada yake alipoinamisha kichwa na kukata uzi kwa meno.