Sura Niliyoambiwa Niiruke

Katika ushirika wetu wa Changamwe, mtu hakusoma Neno akaketi hivi hivi. Ukimaliza ulibaki umesimama, ukaeleza jinsi habari ile ilivyokutokea wewe mwenyewe, siku gani na mahali gani, na wenzako wakaitikia amina. Kawaida hiyo ililetwa na ndugu wa bara waliokuja kufanya kazi bandarini na kwenye reli, na sisi watu wa huku tukaipokea kwa heshima na kwa kunung'unika kidogo. "Usituletee maneno usiyoyaonja," walikuwa wakisema.

Tulikutana Jumapili alasiri katika darasa la shule, jirani na nyumba za wafanyakazi wa reli, tukibanana kwenye madawati ya watoto. Nilipenda kusoma. Sauti nilikuwa nayo, na sikukwama kwenye majina marefu. Lakini ushuhuda wangu ulikuwa mbovu. Wenzangu walikuwa na ulevi, ugomvi, wizi wa magunia. Yuko mmoja aliyesimulia tembo la mnazi alilokunywa zamani kwa utamu mpaka vijana wakawa wanameza mate. Mimi nilizaliwa na wazazi Wakristo kule Rabai, nikabatizwa mchanga, nikaolewa kanisani. Nilipobanwa sana nilitoa sukari ya shangazi niliyoilamba nikiwa na miaka saba. Niliitubu sukari ile mara nyingi mpaka nikaona haya.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru binti yangu alishikwa na homa. Alikuwa na miaka sita. Mume wangu alikuwa kazini bandarini, nikambeba mgongoni mwenyewe mpaka hospitali. Kitanda cha pili alilala mtoto wa mwenzetu mmoja wa ushirika, homa ile ile, dawa ile ile. Ndugu walikuja wakasimama kati ya vitanda viwili wakaomba sala moja. Siku ya tatu mtoto wa mwenzangu aliketi kitandani akataka uji. Wangu alikufa adhuhuri ya siku hiyo hiyo. Tukamzika makaburini Chaani.

Sikuacha kuamini. Nalisema hili kwa sababu wapo waliotangaza kwamba niliacha, na wengine walinitangazia mimi mwenyewe. Nilikasirika, hilo kweli. Nilimkasirikia Mungu waziwazi, nikimwambia kwa kinywa changu huku nafua nguo. Lakini mtu hamkasirikii asiyekuwapo.

Matanga yalipokwisha nilirudi kwenye ushirika. Mwenzangu alikuwa na ushuhuda mpya, na kila Jumapili aliutoa. Sikumwonea kijicho, mtoto yule nilimpenda. Nilichoshindwa kukimeza ni vile watu walivyonitazama kwa pembeni kila alipofika kwenye uji, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea sala.

Kisha zamu yangu ya kusoma ikafika, na sura iliyopangwa ilikuwa habari ya binti wa mkuu wa sinagogi, yule aliyekufa na Yesu akamshika mkono akamwamsha. Siku ya Alhamisi mzee wa ushirika alikuja nyumbani. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kukunja kofia yake mikononi akiwa na neno zito. Chai aliikataa, nikajua kuna jambo.

"Dada, Jumapili hii pumzika," akasema. "Sura hiyo ataisoma mwenzako. Yeye ameionja."

"Na mimi nisome nini?"

"Tutakutafutia nyingine ya faraja. Kitu unachoweza kukishuhudia."

"Kwa hiyo hii mimi sikuandikiwa?"

"Sikusema hivyo. Lakini ukimaliza kusoma utasimama useme nini? Utawayumbisha wachanga wa imani. Na ukivunja utaratibu, dada, itanibidi nikutoe kwenye orodha ya wasomaji."

Kusoma ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho pale. Nilijua anachonitishia, naye alijua.

"Injili si doti ya kanga, mzee," nikamwambia kwa sauti ya juu, "kwamba nikate kipande kinachonitosha nijifunge, kingine nikuachie wewe."

Akavaa kofia yake akaondoka, akisema ataniombea.

Jirani yangu alikuwa barazani kwake akichagua mchele. Alikuwa bibi wa Kiislamu wa siku nyingi pale, na wakati wa matanga hakuna siku aliyoacha kuniletea chakula.

"Mwanangu, kelele zile ni za nini?"

Nikamweleza. Akaweka ungo chini.

"Ati asome aliyeonja! Mimi Maka sijafika, na kwa miguu hii sidhani nitafika. Na wallahi naielekea mara tano kila siku, sijamwona wa kunambia nigeuke."

Mimi na yeye hatukukubaliana katika dini, wala hakuna aliyejaribu kumvuta mwenzake. Lakini nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Kama naamini yaliyonipata tu, basi Injili yangu yote ni sukari ya shangazi. Msalabani sikuwapo. Kaburi tupu sikuliona. Hata msamaha sijawahi kuuhisi ukiwaka kifuani kama wanavyosimulia wao. Yote niliyapokea kwa vinywa vya watu. Mama yangu alinipa, naye alipewa na mama yake. Nimeyapokea yote kwa mikono miwili, halafu hili moja nilirudishe mlangoni kwa sababu limeniuma? Sikubali. Sikukubali wakati ule, na sasa nimezeeka bado sikubali.

Jumapili mwenzangu alikuwa tayari amesimama mbele, kitabu wazi. Nikatoka nyuma nikaenda mpaka alipo.

"Zamu ni yangu," nikasema, nikanyoosha mkono.

Alimtazama mzee, akanitazama mimi, akanipa kitabu. Sitamsahau kwa hilo.

Nikasoma. Nilisoma jinsi baba alivyokuja kusihi, jinsi walivyomwambia asimsumbue tena mwalimu, jinsi waombolezaji walivyocheka. Nilisoma habari ya mkono bila kukwama. Ila nilipofika pale Yesu anapoagiza mtoto apewe chakula, sauti ilinikatika. Nikakirudia kifungu kile tangu mwanzo wake mpaka mwisho. Kisha nikabaki nimesimama, kama ilivyotakiwa.

"Sina ushuhuda wa habari hii," nikasema. "Binti yangu mlimzika nyinyi wenyewe. Nimeisoma kwa sababu ni kweli, si kwa sababu imenitokea. Haijanitokea."

Mzee akainuka. "Dada, yatosha."

"Haijatosha, mzee. Aliyemshika yule mkono anajua wangu yuko wapi. Yuko Chaani, safu ya mwisho, kando ya ua wa michongoma. Sasa nimemaliza."

Nilijua jina langu linatoka kwenye orodha kabla sijafika nyumbani. Darasani hakuna aliyeitikia. Nikaitikia amina mwenyewe, nikaketi.