Muziro wa Dawa Isiyoisha

Tangu bamupatie Gardénal, kinini ya kuzuia kifafa, ku dispensaire ya Baraka, Pulchérie hakuanguka tena mu moto. Sifa kwa dawa. Lakini kicheko nacho kiliondoka pamoja na kifafa: batu ba kijiji ya Swima bakitaniana ku ziwa, yeye anabaangalia meno tu.

Mwaka wa pili ulimi ukageuka mwekundu, laini, unawaka hata kwa maji ya baridi. Kupandisha ndoo, anapumuzika njiani kama mubibi. Hakuhuzunika. Alisikia tu kwamba kuna mutu fulani anachoka, na labda mutu yule ni yeye.

Shangazi yake Marthe, aliyemulea, hakuona ajabu. Yule hakusoma, lakini baliosoma alibashinda kwa sauti. Alijua dawa ya mufumu, muganga wa kienyeji, inakuya na muziro: vyakula vya kukatazwa mpaka dawa iishe. Muganga wa Baraka hakutoa muziro? Haina shida, Marthe akatoa yake: hapana sombe ya majani ya muhogo, hapana maharagi, hapana maini, hapana samaki ndogo za ndakala. Bugali na chumvi. Dawa ikiisha, utakula.

Sasa hii dawa haiishi. Kopo ikiisha, banatoa ingine.

Siku moja Pulchérie akasema, na sauti ya mutu anayeomba kijiko, kwamba kinini atatupa mu ziwa. Afazali kuanguka kuliko ulimi huu. Marthe hakupandisha sauti. Swima ilikuwa haijaona jambo hilo. Aliangalia kovu ya moto ku mukono ya binti, akafunga kitambaa ku kichwa, bakaenda Baraka kwa miguu.

Muganga Isidore akatazama ulimi, akavuta kope ya jicho chini: ndani nyeupe, damu kidogo. Akauliza binti anakula nini. Marthe akataja muziro yote, kifua mbele.

"Mama, hiyo muziro ilitoka kwa nani?"

"Kwa mi. We ulisahau."

Isidore hakucheka, ijapokuwa alitaka. Akaeleza kwamba dawa hii inazuia kuanguka, lakini inapunguza nguvu ya damu, na chakula ndiyo inairudisha: majani, maharagi, maini, samaki. Kinini asiache, akiacha gafula, ataanguka vibaya kuliko mbele ya dawa. Na arudi, amwangalie damu.

"Sasa mi nikataze nini?" Marthe akauliza.

"Kataza pombe."

Nyumbani Marthe akapika sombe na ndakala, akakalisha binti mbali na moto, kisha akakaa karibu na mikono wazi, tayari kumudaka. Pulchérie akameza kinini, akakula polepole. Ulimi uliwaka. Hakuanguka. Sahani ikabaki nyeupe, na mikono ya Marthe ingali juu.

"Shangazi, shusha mikono," Pulchérie akasema. "Na chumvi ulisahau."