Firigisi ya Jogoo Wangu

Njia ya matembezi ilipochorwa kutoka ukingo wa msitu hadi bwawani, walioichora waliipitisha mbele ya mlango wa mke mwenzangu. Ni mke wa ndugu ya mume wangu, lakini huku kwetu tunaitana hivyo. Nyumba yangu iko nyuma ya yake, inatazamana na choo chake. Basi wageni wakija Jumamosi, watu wa mjini waliovaa viatu vya michezo ili watembee bila kwenda popote, walimwona yeye kwanza. Walipiga picha bwawani, wakaketi kwake, wakala ugali na kuku, wakasifu. Mimi nilizisikia sifa hizo nikipalilia mboga, na roho iliniuma. Kuku wangu ni mtamu kuliko wake. Hata mumewe analijua hilo.

Sitajifanya mtakatifu. Niliwachungulia wageni wake kupitia ua, na mvua ikiwazuia kuja, nilifurahi.

Jumamosi moja mke mwenzangu alienda matangani kwao. Mwelekezi wa wageni, mwanamume wa rika langu, akapiga hodi kwangu.

"Mama, leo jirani hayuko. Unaweza kutusaidia na chakula? Wako watatu."

"Karibu tu, baba. Hata hapa tunapikanga."

Nilichinja jogoo mkubwa. Wakati wa kupakua nikakumbuka kwamba mke mwenzangu huwapa wageni paja, nikatafuta cha kumshinda. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke haili, mtoto haigusi, na mgeni hapewi kama mwenye nyumba yupo. Nilijua yote hayo. Lakini mume wangu alikuwa shambani, nami nilitaka wageni waondoke wakinitaja mimi. Nikaiweka kwenye sahani ya mama mmoja mwenye kofia pana, aliyeonekana kuwa mkubwa wao. Akaiuma mara moja, akatabasamu, akaisogeza kando ya sahani.

Hapo ndipo mume wangu alipoingia. Akasalimia wote, akanawa, akaketi nao. Nikampakulia. Akageuza vipande ndani ya bakuli, akavigeuza tena, kisha macho yake yakatua kwenye sahani ya yule mama.

Hakupaza sauti. Aliniuliza kwa lugha yetu, ili wageni wasielewe, "Mama watoto, mimi nimekufa lini?"

Akanawa tena bila kula, akawaaga wageni kwa heshima, akatoka.

Wageni walikula wakashiba. Walisifu kuliko wageni wengine walivyowahi kusifu kule mbele, na mwelekezi akaniambia kuanzia sasa atawaleta kwangu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nikawasindikiza hadi njiani, nikijipitisha polepole mbele ya nyumba ya mke mwenzangu, maana nilisikia amerudi na nilitaka anione nao.

Alikuwa mlangoni, bado amevaa nguo za matanga, akimmiminia mume wangu maji ya kunawa.

"Pole na kazi, mama," akaniambia. "Nimemkuta hapa na njaa, nikasema akule tu na ndugu yake."

Mume wangu hakuinua kichwa. Wageni wangu walimpungia mke mwenzangu mkono, lakini hakuwaona. Alikuwa akimvutia mume wangu kiti.