Bi Unga Ahamishwa Stoo

Kiwandani walimwita Bi Unga, na si kwa ajili ya mapishi. Kwa miaka kumi na tisa alishughulika na unga wa metali, laini kuliko poda ya mtoto, akiumimina kwenye kalibu ya kuupa umbo, ndani ya sanduku la kioo lisilo na hewa, maana unga ule ukikutana na hewa huwaka moto. Akiwasha umeme, chembe zote zinageukia upande mmoja, mashine inazishindilia, kisha tanuri linamalizia. Hapo ndipo sumaku huzaliwa.

Siku moja moyo ulimsita, akaanguka ngazini. Hospitalini wakampandikizia kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

"Unafanya kazi gani, mama?" daktari akauliza.

"Natengeneza sumaku."

Daktari akacheka. Alipoona Bi Unga hacheki, akaweka kalamu chini. "Sumaku zitakivuruga hiki kifaa. Huko usirudi tena."

Msimamizi akampeleka stoo ya maboksi, ng'ambo ya uwanja. "Si kwamba tunakufukuza, dada."

"Najua. Mnanisogeza tu."

Wenzake hawakosi vipande vya sumaku mifukoni, kwa hiyo saa ya chakula walimpungia mkono kwa mbali kama mgonjwa wa kuambukiza. Akala peke yake, boksi likiwa meza.

Kilichomchangamsha ni simu ya binti aliyeshika nafasi yake.

"Shikamoo, mama. Vipande vinapasuka tanurini!"

"Marahaba. Pupa hiyo, mwanangu. Gonga kalibu kidogo kwanza, unga utulie, ndipo ushindilie."

Binti akapiga kila siku, halafu mara moja kwa wiki, halafu kimya. Bi Unga akamuuliza msimamizi, "Yule binti vipi?"

"Hapasui hata kimoja siku hizi. Ulimfundisha ukamfundisha kweli!"

Alishukuru, akarudi kukunja maboksi. Siku hiyo alikunja mengi kuliko yaliyohitajika.

Hakuwa na mume wala mtoto. Jioni, chumbani kwake, alimpigia mdogo wake aliyeolewa mbali.

"Kuna nini, dada? Moyo tena?"

"Hapana. Nimekupigia tu."

"Basi kaa nasi," mdogo wake akasema. Akaiweka simu kando ya jiko bila kuikata, akaendelea kupika. Bi Unga akakaa kitandani na viatu miguuni, akisikiliza mfuniko wa sufuria na watoto wakigombea kiti.