Bia Mbili za Bi Rukia

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile nafunika uso kwa mtandio hata nikiwa peke yangu jikoni, na nawasimulia tu kwa sababu ni nyinyi, na kwa sababu mume wangu hayupo hapa kunikatiza kwa kicheko kabla sijafika mwisho.

Mnajua sisi watu wa Garissa na herufi P hatujawahi kuelewana. Siku hizi naitamka, nimeolewa Lamu nikanyooshwa, lakini miaka ile ya tisini ulimi wangu ulikuwa wa nyumbani kabisa, pole ni bole, pesa ni besa, na hakuna aliyewahi kuniambia kuna tofauti maana mtaa mzima tulisema vivyo hivyo.

Sasa, habaryar yangu Dahabo, yaani mdogo wake mama, alikuwa amekimbia vita Somalia akafikia kwetu, na katika yote aliyoyaacha huko, ufundi wake wa kusokota uzi alikuja nao. Unachukua kijiti chembamba chenye kisahani cha mti, unafunga pamba (tulipata pamba ya Bura), unakizungusha kisha unakiachia kining'inie, na uzi unajisokota mbele ya macho yako. Nilikipenda kitu hicho kupita kiasi. Mchumba wangu Swaleh, mwalimu kutoka Lamu, ndiye aliyenichongea vijiti vyangu, na nilipomwuliza vinaitwaje kwa Kiswahili akakuna kichwa, akasema jina hajui ila vinazunguka kama pia za watoto. Basi nikalishika hilo. Pia. (Kwa namna yangu ya kulishika.)

Ndipo mama yake, Bi Rukia, akaja kuniona. Msidhani ni mchezo, Swaleh alikuwa ameniambia wazi kwamba mama asiponiridhia hakuna ndoa, na mimi nilikuwa nimempenda yule mwalimu mpaka nikawa natia chumvi kwenye chai. Bi Rukia alikuwa mshonaji wa kofia, mtu wa sindano na nyuzi, nikaona hapa nimpate kwa uzi: nitasokota mbele yake aone mkwe hana mikono mivivu.

Lakini nisokote na ipi? Pia zangu zilikuwa mbili. Moja nyepesi, kisahani chake kiko juu, inazunguka kwa kasi na kutoa uzi mwembamba wa kufaa kofia, ila ukipepesa jicho imeanguka. Nyingine nzito, kisahani chini, inazunguka taratibu na haikuaibishi, lakini uzi wake unafaa kumfungia mbuzi. Niligeuza na kugeuza asubuhi nzima. Mwishowe Dahabo akachoka nami, akaniambia kwa Kisomali, "Si umwache mgeni achague?" Nikaona hiyo ndiyo busara. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Alasiri ile wanaume, Swaleh na baba wakiwamo, walikuwa wameenda msikitini, na ua wetu umejaa wanawake wa jirani waliokuja kumwona mama wa Lamu.

"Shikamoo mama, karibu, bita ndani," nikasema.

"Marahaba mwanangu." Akaketi mkekani, akaonja chai ya maziwa ya ngamia, akaisifu, moyo wangu ukatulia. Laiti ungebaki hivyo.

"Mama," nikasema, "nimekuwekea bia mbili huko ndani. Moja nyebesi, moja nzito. Unabenda nianze na gani?"

Kikombe kikasimama njiani. "Umeniwekea nini?"

Nikadhani masikio yamechoka na safari, nikapaza sauti. "Bia, mama. Mbili. Ile nyebesi inazunguka haraka sana, ukicheza kidogo, chini. Nzito ni bole bole, mtu anaweza kukaa nayo mbaka adhuhuri."

"Na mambo haya amekufunza nani?"

Nikamwonyesha Dahabo. Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja, na neno lenyewe ndilo hilo, kwa hiyo akajipiga kifua kwa fahari. "Bia, bia," akasema. Jirani mmoja, naye mwanafunzi wa Dahabo wa kusokota, hakutaka kuachwa nyuma, akaeleza kwamba yeye akishaswali alfajiri huja kukaa hapa kivulini na bia yake, tena wanawake ni wengi, kila mtu na yake.

Bi Rukia akajivutia buibui. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na Swaleh pia?"

Jamani, nilifurahi. Nikajua sasa neno limemwingia.

"Ndio mama, Swaleh bia. Yeye ndiye alinitengenezea ya kwanza kwa mikono yake. Na ya bili bia."

"Inna lillahi," akasema, akainuka kutafuta viatu vyake.

Nikadhani amekasirika kwa kucheleweshwa. Nikakimbilia ndani, nikazinyakua zote mbili, lakini yeye alikuwa ameshatoka langoni anauliza basi za Lamu ziko wapi, nami nyuma yake bila kiatu, nikiona ndoa yangu inaondoka na buibui lile, nikapiga ukelele, "Mama, ngoja, jaribu bia hata moja tu!"

Na msikiti ndio ulikuwa umetoka. Wanaume njia nzima, tasbihi mikononi, wakasimama. Baba alinitazama nikatamani ardhi inimeze. Swaleh akatazama nilichoshika, akamtazama mama yake, kisha akaegemea ukuta akateremka nao taratibu mpaka chini, hawezi kusema neno kwa kucheka.

Bi Rukia akageuka. Akaniona nimenyoosha vijiti viwili vyenye pamba, machozi yananitoka.

"Hii ndiyo bia?"

"Ndio mama."

Akakaa palepale vumbini kando ya mwanawe. Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Alipopata pumzi akachukua ile nyepesi, akaizungusha kama nilivyomwelekeza, ikamponyoka ikamgonga kidole cha mguu.

"Kweli," akasema, "hii nyepesi ni kali." Kisha akamwambia baba yangu, mbele ya watu wote wale, "Mke tumempata, mzee. P tutamtafutia Lamu."

Tangu siku hiyo nimeapa: mgeni aone kitu kwanza, jina lije baadaye. Na P nimeipata, mnanisikia wenyewe. Ila Bi Rukia, sasa mtu mzima sana, bado anayo ile nyepesi, na jioni baraza ikijaa, hasa akiwapo mgeni asiyetujua, hunigeukia kwa upole wote na kusema, "Mwanangu, niletee bia yangu." Nami naufunika uso wangu, nampelekea.