Kabla ya Palahala, Kunguru Kwanza

Saa moja na nusu asubuhi, Kona ya Musa, Ukunda. Biasha Mwero anafungua ndoo nyeupe, anasogeza kifuko cha mchele mkavu na kutoa kitu kilichovikwa leso ya buluu. Anakifungua polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala.

Ni lenzi ya kamera, ile ndefu ya kuvuta mbali, ambayo yeye huikodisha. Mchele haupikwi. Kazi yake ni kunyonya unyevu, maana hewa ya pwani huotesha kuvu ndani ya kioo.

"Shoga, bomba lako limeshakula?" anauliza jirani yake Zainabu, ambaye lenzi huiita bomba, akigeuza mahamri karaini.

"Limeshiba. Wewe angalia yako yasiungue."

Mteja wa leo ni Ndila Kaloki, mkulima, aliyekuja na mumewe na binti zao wawili. Wanakwenda Shimba Hills, kwenye hifadhi ya wanyama. Kamera ameazima kwa kaka yake.

"Vilima vile naviona kutoka shambani tangu utoto," anasema. "Kuingia, sijawahi hata siku moja."

Biasha hashiki kitambulisho cha mtu kuwa dhamana. Sharti lake ni moja: mteja ampige picha kunguru anayetua juu ya mlingoti wa umeme ng'ambo ya barabara, na jicho lake lionekane.

Ndila anajaribu. Inatoka waya tupu. Anajaribu tena.

"Mama, umepiga mkia!" binti zake wanacheka.

"Bana viwiko mbavuni, mwanangu," anasema Biasha. "Toa pumzi, ndipo ubonyeze. Kunguru akikushinda, palahala utamweza?"

Palahala ni yule swala mkubwa wa Shimba Hills, mwenye pembe zilizopinda nyuma kama mundu. Jicho la kunguru linapotokea, leso inafungwa upya na kukabidhiwa.

Biasha, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, alikuwa akipiga picha za pasipoti hadi simu zilipomaliza biashara hiyo. Akauza cherehani yake, akanunua lenzi hii mkononi mwa mtu. Walimcheka sana. Hulipwa shilingi elfu mbili kwa siku, na siku isiyo na mteja hushona mapindo ya nguo kwa sindano.

Hata hivyo, haiuzi. Swabir, anayewapangia wageni wa hoteli safari, amekuja tena leo.

"Mama Biasha, niuzie mimi. Mgeni atanilipa kodi mara tatu ya hii yako. Mtu wa hapa atapiga nini, kuku?"

"Mgeni na aje, akae nyuma ya Ndila. Wanyama wa kwetu tumewaona miaka yote kwenye kalenda za watu. Siuzi."

"Na nikiwaambia madereva wasikuletee mtu?"

"Waambie! Ndila hakuletwa na dereva. Ameletwa na shemeji yake, aliyepiga tembo kwa lenzi hiyo hiyo."

Swabir anaondoka bila kuaga. Biasha anatia uzi kwenye sindano.

Alasiri, familia inarudi, leso ikiwa mikononi mwa Ndila. Mahamri yamekwisha, na Zainabu naye anasogea kutazama. Kwenye kioo cha kamera amesimama palahala dume, unyasi ukining'inia mdomoni. Nyuma yake, mbali kabisa kule bondeni, mapaa ya mabati yanang'aa.

"Lile la pembeni," Ndila anasema, akiligusa kwa kidole, "nadhani ni letu."

Zainabu anajifuta unga vidoleni na kuomba aishike kamera.

Biasha anaomba nakala. Anakusanya picha za wateja wake ili mwakani achapishe kalenda: wanyama wa Kwale, waliopigwa na watu wa Kwale, na jina la kila mpigaji chini yake. Hii ya Ndila ataiweka Januari.

Na Swabir je?

"Kalenda tutamuuzia, hata kumi," anasema, akirudisha lenzi kwenye mchele wake. "Lenzi akiitaka, kunguru yule pale."