Siku Mwalimu Mkuu Alipochunga Basi

Odero alikuwa dereva wa basi la shule, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alizijua sehemu za kutembelea za Nakuru kwa mageti yake tu. Ukimuuliza habari za kasri la Lord Egerton kule Njoro, angekuambia kwamba kuna mti wenye kivuli kizuri pale pa kuegesha, na kwamba mlinzi wake anapenda hadithi za mpira. Ukimuuliza habari za Kariandusi, mahali yanapohifadhiwa mashoka ya mawe ya watu wa kale, angekuonya kuhusu kona ya kuingilia. Kuhusu Menengai, lile shimo kubwa la volkeno juu ya mji, alijua vumbi la barabara na gia ya kupandia mlima. Shimo lenyewe hakuwahi kulitazama. Watoto walishuka, wakapanga foleni, wakaenda na walimu wao. Odero alibaki na basi.

Wala hakuwa mgeni wa mji. Baba yake alitoka Siaya akaja kufanya kazi ya reli, na Odero akazaliwa hapa hapa, kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Alijifunzia udereva kwenye lori la mahindi huko Rongai, akamwoa Anyango, wakapanga nyumba Kaptembwo, wakampata Jerry. Shule moja ndogo nje kidogo ya mji ilipomwajiri aendeshe basi lake, aliona Mungu amemkumbuka. Kulala nyumbani kila siku, baada ya miaka ya kulala kwenye lori, halikuwa jambo dogo kwake.

Ilikuwaje basi akawa mtu wa kubaki getini? Ni kwa sababu ya nyani.

Katika muhula wake wa kwanza aliwapeleka watoto kwenye mbuga ya Ziwa Nakuru. Mle ndani hairuhusiwi kushuka kwenye gari ila sehemu chache, na mojawapo ni pale juu ya jabali, ambapo ziwa lote linaonekana chini. Watoto walishuka. Kutoka kwenye usukani Odero aliona kipande tu cha maji na ukingo wa rangi ya waridi, mahali heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walipokusanyika. Akatamani kuona zaidi. Akashuka, akapiga hatua chache, akasimama. Mlango wa basi aliuacha wazi.

Aliposikia kelele na kugeuka, nyani walikuwa wamejaa ndani. Mmoja mkubwa alikalia kiti cha dereva akimenya ndizi bila haraka, kama mwenye gari. Wengine walipasua mifuko ya mkate na kutupa maganda ya mayai madirishani. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Baadaye, njaa ilipowauma, wadogo wakaanza kulia.

Mwalimu mkuu wa wakati huo, mzee mmoja mkali aliyeitwa Kamande, alimwambia mbele ya watoto wote, "Odero, kazi yako ni basi. Sikukuandika uje kuangalia maji."

Odero hakumchukia. Watoto walirudi nyumbani bila chakula cha mchana, na aliyeacha mlango wazi ni yeye. Lakini maneno hayo yalimkaa. Tangu siku hiyo, popote walipokwenda, hakutoka kwenye basi.

Hata hivyo hakukaa bure. Wakati wa kurudi alizima redio na kuwasikiliza watoto wakibishana. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba kasri lina vyumba vingi kuliko watu waliowahi kulala humo, na kwamba ukipiga kelele ukingoni mwa Menengai sauti yako inamezwa. Jioni alimsimulia Anyango huku akimsaidia kushusha magunia ya sukuma wiki, maana Anyango alikuwa na kibanda cha mboga kando ya barabara.

"Na wewe umeona?" Anyango alimuuliza kila mara.

"Nimesikia," Odero alijibu.

Miaka ikaenda. Kamande akastaafu, akaja mwingine, naye akahama. Mwishowe akaja Madam Cheruto, mama mmoja mpole wa sauti lakini asiyebadilisha neno lake. Alimkuta Odero ana mvi, goti moja linamsumbua, na umebaki muhula mmoja tu apumzike.

Siku moja Madam Cheruto alimwita ofisini. Alikuwa akipanga kuwapeleka gredi ya sita Hyrax Hill, kile kilima cha pimbi kilicho nje ya mji kwenye njia ya kwenda Nairobi.

"Mzee, ile njia ya kupanda mpaka juu ikoje? Watoto wataiweza?"

"Sijui, Madam."

"Si wewe huwapeleka huko kila mwaka?"

"Huwapeleka mpaka getini."

Ikabidi aeleze. Alisimulia habari ya nyani akicheka, jinsi alivyozoea kuisimulia kwa madereva wenzake. Madam Cheruto hakucheka. Alimtazama kidogo, akamwambia, "Sawa, Mzee, asante," kisha akarudia kazi zake.

Siku ya safari ilipofika, Madam Cheruto alipanda basi pamoja na watoto, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Walipofika Hyrax Hill, watoto wakashuka na mwalimu wao wa darasa, binti mmoja mchangamfu aitwaye Jerop. Odero alikuwa akikunja gazeti lake apate kulisoma vizuri, mara akamwona mwalimu mkuu amesimama karibu naye.

"Mzee, shuka. Nenda na watoto."

"Na basi, Madam?"

"Hii basi leo nitachunga mimi."

"Hapana, Madam. Wewe ni mwalimu mkuu, utakaaje hapa kama turnboi wa lori?"

"Kwa sababu mimi ni mwalimu mkuu, nimesema shuka. Nipe funguo."

Akatoa flaski ya chai kwenye mkoba wake, akaketi kwenye kiti cha dereva na kufungua gazeti la Odero. Chini, Jerop na watoto walikuwa wakingoja. Walipomwona anashuka walipiga makofi, na Odero, ambaye maishani hakuwahi kupigiwa makofi, hakujua mikono yake aiweke wapi.

Kiongozi wa pale, bwana mmoja aliyeitwa Kihara, aliwapitisha kwanza kwenye jumba dogo la makumbusho, kisha wakashika njia ya kilimani. Ilikuwa njia ya mawe na nyasi kavu. Pimbi waliwatazama kutoka kwenye nyufa za miamba, wakazama ndani. Goti lilimuuma Odero, lakini aliendelea kupanda. Walionyeshwa makaburi ya kale na mashimo ya mviringo yaliyozungushiwa mawe, walimokaa watu na mifugo yao zamani sana. Halafu Kihara akasimama kwenye mwamba uliolala. Juu yake palikuwa na vishimo vidogo, safu mbili, vimechongwa vikawa laini.

"Nani anajua hivi ni vya nini?"

"Vya kuweka mayai!" mmoja akasema.

"Vya kunywesha ndege!"

Odero aliinama. Neno likamtoka kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini: "Ajua."

"Ndiyo, bao," Kihara alisema akitabasamu. "Mchezo wa bao. Watu walikaa hapa wakacheza kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa."

Odero akaomba ruhusa aguse kidogo, Kihara akamwambia hakuna shida. Akachuchumaa, akatia vidole katika kishimo kimoja, kisha cha pili. Alimwona baba yake mbele ya nyumba ya landi saa za jioni, akicheza ajua na wenzake wa karakana, mikono ina grisi ambayo sabuni haikuimaliza, akicheka kwa nguvu akila kete za mtu. Mzee huyo alifariki kabla Odero hajapata hata leseni. Kwa muda mrefu alipojaribu kuikumbuka sura yake alikumbuka ile ya kwenye picha ya kitambulisho tu. Sasa alimkumbuka akicheka.

Jerop alimwona anafuta macho. "Mzee, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa, mwalimu. Nashukuru tu."

Kutoka juu ya kilima waliona ziwa likiwa limepanuka na kumeza miti ya ukingoni, vigogo vyake vikavu vimesimama majini. Waliona mji, na nyuma yake mlima wa Menengai. Watoto walimzunguka, kila mmoja akitaka kuwa mwenye kumwonyesha. "Anko, ile ni barabara yetu!" "Anko, Kaptembwo iko kule, karibu na ule moshi!" Alizitazama barabara alizozipita maisha yake yote, nyembamba kama nyuzi, akastaajabu jinsi mahali alipoishi palivyo pazuri.

Aliporudi chini alitaka kumwambia Madam Cheruto mambo mengi. Alichoweza kusema ni, "Madam, asante sana."

"Sisi ndio tumechelewa, Mzee," akajibu, akamrudishia funguo.

Muhula huo walimu walipokezana kulichunga basi. Odero akaingia kasri la Njoro na kupanda ngazi zake za mbao. Akasimama ukingoni mwa Menengai ameshika mkono wa Jerop, maana kina cha lile shimo kilitisha, na hakuona haya. Shule ilipofungwa wakamuaga kwa keki na blanketi. Alipoombwa aseme neno, alisema kwamba wapo watu wanaofanya kazi mpaka wanazeeka na hakuna mkubwa wa kazi anayewauliza kama wameona. Yeye ameulizwa. Akakaa.

Wiki ya kwanza nyumbani alimwambia mkewe, "Mama Jerry, Jumamosi funga kibanda."

"Nifunge kwa nini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tunatembea."

Anyango alinung'unika habari za nyanya zitakazooza, lakini Jumamosi alivaa gauni la kanisani. Tangu hapo wamezoea. Wamekwenda Menengai, wamekwenda Subukia kusali kwenye madhabahu ya Mama Maria, ingawa wao si Wakatoliki, na wakanywa maji ya chemchemi ya pale. Mwezi uliopita walifika Elementaita, kwenye maji moto yanayotoka ardhini kando ya ziwa. Kulikuwa na wachungaji wa mifugo wakiosha miguu yao na ndege weupe wakitembea kwenye kina kifupi.

Anyango, aliyesimama kwenye kibanda miaka yote hiyo, aliketi juu ya jiwe, akatia miguu majini, akafumba macho. Odero akadhani amesinzia.

"Baba Jerry," akasema mwishowe, "unasimama hapo nyuma unangoja nini? Vua viatu."

Odero akavua viatu, akakunja suruali, akaingia.